Hisabu Ikikaa Sawa, Simu Hailii

Mimi nauza mahamri na mbaazi mlangoni pangu, Magogoni, Kisauni, na watu wote wa mtaa huu wanajua kwamba mdomo wangu hauna kufuli. Jambo nikiliona nalisema. Jirani yangu Bi Mwanatabu alikuwa kinyume changu kabisa. Huyo ungemkanyaga mguu, yeye ndiye angekuomba radhi. Tuliishi ukuta kwa ukuta, mimi Mgiriama mpangaji wa chumba kimoja, yeye katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, Maalim Abdillahi, vyumba vitatu na ua, na ndani yake mtu mmoja tu.

Mwanawe wa pekee, Intisar, alikuwa akitandika vitanda kwenye hoteli huko Shanzu. Hoteli ilipopunguza wafanyakazi naye akapunguzwa. Akazunguka wee, mwisho akapata mkataba wa miaka miwili wa kazi za nyumbani Qatar. Siku ya kuondoka alimwambia mamake mbele yangu, "Mama, ni miaka miwili tu. Nikipata mtaji wa cherehani na kibanda cha kushonea mabuibui, narudi, wala sitoki tena." Bi Mwanatabu akamfukizia ubani, akamsomea dua, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi akachukua ufagio, akafagia ua mzima uliokuwa umeshafagiliwa asubuhi.

Kila mwezi Intisar alituma elfu kumi na tano. Kwa mtu mmoja asiyelipa kodi ya nyumba, hizo ni pesa za kutosha na kusaza. Lakini miezi ya mwanzo hazikufika hata nusu ya mwezi. Bi Mwanatabu hakuwa mbadhirifu, tusimsingizie. Alikuwa hajui kumpikia mtu mmoja. Tangu aolewe alipikia nyumba iliyojaa: mume, mwana, wageni wa mume, na watoto wa chuoni waliokuja kusoma kwa Maalim wakiwa hawajala. Kwa hivyo aliendelea vivyo hivyo, nazi mbili, samaki wa kilo nzima, wali wa sufuria kubwa. Akishapakua anakaa mbele ya sinia, anakula matonge mawili matatu, kisha nasikia ukuta unagongwa.

"Kahaso, njoo uchukue chakula. Kimebaki."

Kimebaki nini na hakijaguswa? Miezi ile mimi nilinenepa kwa upweke wa mwenzangu, na nguo zangu zote zikanibana.

Pesa zikiisha, Intisar alikuwa akipiga simu. Leo apiga, kesho apiga, ana wasiwasi, auliza mamake amekula nini. Sauti yake ilikuwa ikijaa ua ule hata mimi niliyekuwa nikiloweka mbaazi upande wa pili nikiisikia. Mwisho akasema, "Mama, hivi hatutafika. Sharuti utafute chombo cha kuzigawia hizi pesa. Uweke kwenye bahasha, uandike daftari, ufanye utakavyo, bora uchague kimoja ukishike. Pesa zikiendelea kuvuja, mtaji sitaupata, na mtaji nisipoupata sirudi."

Neno hilo la mwisho lilimwingia Bi Mwanatabu. Alinijia kibarazani, akaketi juu ya ndoo yangu niliyoifudikiza, akaniuliza mimi nafanyaje.

Mimi njia yangu ni makopo. Makopo matano ya maziwa ya unga, yale ya bati: moja la chakula, moja la maji, moja la umeme na gesi, moja la dawa, na moja la msiba na maradhi, maana hayo hayapigi hodi. Pesa zikija, unazigawa siku hiyo hiyo. Na sheria ni moja: kopo likiisha limeisha, usilikopeshe kutoka kwa mwenzake. Bahasha nilizikataa. Bahasha kwa nyumba zetu hizi za pwani ni kulisha mende. Na daftari alilikataa yeye mwenyewe, akasema macho hayamsaidii tena.

Basi nikamwanzishia. Nikampeleka Kongowea kununua sufuria ndogo, maana makopo hayawezi kusaidia mtu mwenye sufuria ya harusi. Aliigeuzageuza ile sufuria mikononi.

"Hii ni ya watoto kuchezea, Kahaso."

"Ni ya mtu mmoja."

"Ndiyo," akasema. "Naona."

Mwezi wa kwanza alinichosha. Alichota kopo la umeme akanunua kamba wa baharini, kwa sababu mchuuzi alikuwa amepita juani siku nzima na hajauza. Nikamgombeza kama mtoto, akakaa gizani siku mbili, akajifunza. Mwezi uliofuata makopo yakamkaa vizuri. Maji yalipatikana, dawa ya presha ilinunuliwa kwa wakati, na mwisho wa mwezi kopo la msiba na maradhi lilikuwa halijaguswa. Mimi nikavimba kichwa. Nilimwambia kila mteja kwamba mimi ndiye niliyemtengeneza Bi Mwanatabu.

Kumbe nimemtengeneza, na nimemharibia.

Kwani Intisar, alipoona pesa zinatosha, roho ilimtulia. Na mtu roho ikimtulia, hupiga simu ya nini? Akawa apiga Ijumaa kwa Ijumaa tu, baada ya alasiri, kazi zikimpoa. Niliyasikia mazungumzo yenyewe, na ukiyaweka kwenye kikombe cha kahawa hayafiki nusu.

"Mama, pesa zimetosha?"

"Zimetosha, mwanangu."

"Alhamdulillah. Haya, mama, nina vyombo vya kuosha."

"Haya."

Ijumaa nyingine hata hiyo haikuja, uliletwa ujumbe tu. Bi Mwanatabu alianza kutembea na simu, akienda nayo jikoni, akienda nayo uani, akiiweka juu ya mkeka pembeni yake anaposali. Siku moja aliniomba niipige, nione kama inalia. Nikaipiga. Ikalia. "Basi nzima," akasema, akaizima. Nilitamani kumkumbatia, lakini sisi hatukuzoeana hivyo.

Ndipo ilipoingia ile programu. Intisar alikuwa ameonyeshwa na mwenzake wa kazi, akamtaka mamake ampelekee simu fundi wa pale Mlaleo amtilie. Programu yenyewe ni hivi: unaandika pesa zilizoingia, kila unachonunua unakiandika, na mwisho wa wiki unaandika kilichobaki mkononi. Kilichotumika na kilichobaki vikilingana na kilichoingia, panakuwa kijani. Visipolingana, panakuwa pekundu. Na chochote anachoandika Bi Mwanatabu hapa Kisauni, Intisar anakiona kwenye simu yake kule kule.

"Jaribu yote mawili mwezi mmoja, mama," alimwambia. "Makopo na simu. Kisha uchague."

Mimi nilikasirika. Makopo yangu yamekosa nini? Yanataka chaji? Yanataka bando? Lakini Bi Mwanatabu alijaribu kwa utiifu, herufi fundi amemkuzia kwa ajili ya macho yake, akiandika kwa kidole kimoja: nyanya, tui, mtungi wa maji, tokeni ya umeme.

Sasa, kuna kitu kimoja alichokataa kukiandika. Kila Ijumaa Bi Mwanatabu alitoa sadaka. Kuna kipofu mmoja aliyepita mtaani, na kuna nyumba ya yatima huko mbele, na kuna wengine ambao hata mimi sikuwajua. Alitoa kwa kujificha, pesa zimefungwa kwenye pindo la leso, anamtia mtu mkononi na uso ameugeuza. Kwa watu wa kwao, sadaka ukiitangaza umeila mwenyewe. Mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Ikiwa mkono wake mwenyewe hatakiwi kuuambia, ataiambiaje simu? Zamani mumewe alikuwa hamwulizi, na kwenye makopo mimi sikuuliza. Simu ndiyo iliyouliza.

Mwisho wa wiki ya kwanza pakawa pekundu. Mia nne hazionekani.

Haikupita hata saa, simu ikalia. Intisar huyo, pumzi juu. "Mama, mia nne zimekwenda wapi?"

"Sikumbuki, mwanangu."

"Hukumbuki vipi? Hebu tuanze Jumamosi. Jumamosi uliamka ukafanya nini?"

Wakaanza Jumamosi. Mama akasimulia. Aliamka, akaswali, akanunua mahamri kwangu, nikamwambia maneno fulani ya upuzi, akacheka. Wakaenda Jumapili. Nani alikuja, alivaa nini, alipikiwa nini. Jumatatu mvua ilinyesha, maji yakaingia ukumbini. "Upande ule ule, mama?" "Ule ule." Wakacheka wote wawili kwa ajili ya maji ya ukumbini. Siku baada ya siku waliipitia wiki nzima, mpaka adhana ya magharibi ikawakatiza, na mia nne hazikupatikana. Nilikuwa nje nikichambua mbaazi. Sijapata kumsikia Bi Mwanatabu akisema maneno mengi namna ile.

Mwezi ulipokwisha alinijia, akaketi.

"Nimechagua, Kahaso."

"Makopo."

"Simu."

Nikamtupia maneno. Nikamwambia hisabu yake ya simu haikukaa sawa hata wiki moja, na makopo hayajamkosea hata senti. Aliniacha nimalize. Kisha akasema polepole, akiangalia vidole vyake:

"Ndiyo hivyo. Makopo hayakosei. Hisabu ikikaa sawa, simu hailii."

Nilirudi kuyapanga mahamri yangu, na yalikuwa yamepangwa tayari.

Tangu hapo ikawa desturi. Mwanzoni shimo lilikuwa la sadaka tu, la haki. Lakini Intisar si mjinga, akaanza kukisia, akasema, "Hizo mia nne ni zako na Mungu wako, mama, sitauliza tena." Na kweli hakuuliza. Ijumaa mbili simu ikawa kimya. Ijumaa ya tatu Bi Mwanatabu akanijia na noti ya elfu ameikunja ndogo.

"Nikalie na hii."

"Ya nini?"

"Kalia tu."

Nikaelewa. Mwanamke mtu mzima, mke wa Maalim, anaziiba pesa zake mwenyewe kwenye hisabu yake mwenyewe. Nikamuuliza anawezaje kuniamini na pesa, mimi nisiyefunga Ramadhani.

"Hufungi," akasema, "lakini mdomo wako hauwezi kuficha kitu. Ukizila, nitakusikia ukijisema."

Tukacheka, nikazitia kwenye kopo chini ya kitanda. Jioni ile palikuwa pekundu kwa elfu moja, na Intisar alizungumza mpaka bando likamwishia.

Kwa hivyo kila mwezi zikaletwa. Elfu, elfu mbili, mara moja elfu tatu. Nilimkanya, wallahi nilimkanya, na mimi kuapa si kawaida yangu. Nilimwambia, "Wewe wajua ziko kwangu. Yeye hajui. Yeye aona nyumba yala pesa. Mwambie tu kweli: mwanangu, nipigie, nina upweke."

Alinitazama kama niliyemtukana.

"Mzazi hamwambii mwana aliye ng'ambo neno kama hilo. Nikilisema, atafunga mizigo aje na mikono mitupu, kisha maisha yake yote nitakuwa mimi ndiye niliyemfunga miguu. Wacha amalize. Akija atazikuta kwako zote, atashangaa. Mtaji huo."

"Na asipokuja?"

"Atakuja. Mkataba wamalizika baada ya mfungo."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nikasema basi. Nikaendelea kuzikalia.

Mfungo ukapita. Siku moja baada ya alasiri nilikuwa ndani kwake nikimsaidia kukuna nazi, maana mikono ilikuwa ikimuuma. Simu ikalia na haikuwa Ijumaa. Akaifungulia sauti, mikono yake ina machicha.

"Mama, nina habari njema," Intisar akasema. Sauti yake ilikuwa ya furaha, lakini ile furaha ya kujilazimisha. "Usiwe na wasiwasi tena juu ya pesa. Nimeona mwezi kwa mwezi matumizi yapanda, nikajua hali ni ngumu huko, wewe tu hutaki kuniambia. Nimeongeza miaka miwili. Na mshahara wameniongeza kidogo. Sasa hata zikivuja, zitatosha."

Bi Mwanatabu alikuwa ameshika kipande cha nazi, akakiweka chini kwenye sinia taratibu. Kisha akasema, kwa sauti yake ile ya kawaida, "Alhamdulillah, mwanangu. Mungu akupe afya."

Hapo ndipo mimi nilipochemka. Samahani kwa yeyote anayeona sikufaa kuingilia, lakini hakuwepo. Niliinyakua simu.

"Intisar, ni mimi Kahaso."

"Shikamoo, mama Kahaso."

"Marahaba. Nisikize. Pesa zako hazikuvuja. Ziko chini ya kitanda changu, zote, hata shilingi haijapungua. Mamako alikuwa akizitoa kwenye hisabu makusudi, ili pawe pekundu, ili upige."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu zikitosha, hupigi."

Upande ule wa pili mtu alikuwa akiita kwa Kiarabu, mlango ukafungwa. Bi Mwanatabu alijifunika uso kwa leso. "Umenivua nguo, Kahaso," akasema. "Umenivua nguo mbele ya mwanangu."

"Mama," Intisar akasema. Alikuwa akilia sasa, na hakujificha. "Mbona hukuniambia? Ungeniambia tu. Nilikuwa nimeshaanza kununua zawadi za kurudi nazo."

"Sasa je, haiwezekani?" nikauliza mimi.

"Nimetia sahihi jana, mama Kahaso. Na pasi yangu ya kusafiria wanayo wao."

Bi Mwanatabu aliifunua leso. Akaniomba simu kwa mkono, nikampa. "Basi, mwanangu," akasema. "Usilie, wasikusikie. Basi." Ikakatika, sijui kwa kidole chake au kwa bando.

Pesa nilizirudisha jioni ile ile, na kopo lenyewe. Alizipokea bila kuzihesabu. Baada ya hapo hakusema nami. Asubuhi hakuja kununua mahamri, mchana ukuta haukugongwa. Nilimsikia akitembea, akiweka vyombo, akisali. Nilijiambia sijali, nikajiambia tena, na ilikuwa uongo. Nilikuwa na hamu naye. Nilipika mbaazi zikaungua, nikawafokea wateja wasio na hatia. Nilimpitia mlangoni na mahamri ya bure kwenye sahani, nikayaacha kizingitini, na sahani nikaikuta kesho yake imeoshwa, iko pale pale.

Kisha akaenda Mlaleo peke yake, akamwambia fundi aitoe ile programu. Nilijua kwa sababu fundi ni mteja wangu. Na makopo aliyarudia. Niliyaona dirishani yamepangwa, matano. Hisabu yake sasa ilikuwa sawa, na hakukuwa na mtu wa kuionyesha.

Ijumaa, baada ya alasiri, ukuta ukagongwa. Mara mbili, kidogo tu. Nikaacha kila kitu, nikaenda.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka, simu mbele yake, sauti imefunguliwa. Hakunisalimu, ila alinisogezea nafasi. Intisar alikuwa hewani.

"Umekula, mama?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula."

Halafu hakuna. Walikuwa hawana la kusema. Zamani walikuwa na mia nne za kutafuta, walikuwa na Jumamosi na Jumapili za kupekua. Sasa hisabu imeondoka, na imeondoka na mazungumzo yote.

"Nyanya zimeshuka bei," Bi Mwanatabu akasema.

"Zimeshuka?"

"Zimeshuka."

Tena kimya. Nikasikia maji yakimiminika kule, sahani ikigongana na sahani. Alikuwa ameiweka simu karibu na karo la jikoni na anaosha vyombo. Hakuikata. Na mamake hapa hakuikata. Bando linakwenda bure, nikawaza, na mtu mwenye akili angesema kwaheri. Nilifungua mdomo niseme neno lolote la kuwasaidia, hata la upuzi, hata la mahamri.

Bi Mwanatabu aliniwekea mkono kwenye goti.

"Nyamaza, Kahaso," akaninong'oneza. "Yuko."